Mkono Uliokatwa Kiogoro

Kanisa la Kilimani, Kiogoro
Jumatatu, 12 Aprili 1948

Kwa Machogu, mshiriki wa kanisa letu aliyehamia Nyansiongo.

Salamu katika Bwana. Sitauliza habari za mvua na mahindi. Hizo Jaffer hunieleza kila Jumatatu lori lake linaposhuka kutoka Keroka, na barua hii pia nimempa yeye akuletee.

Baraza la wazee limeniagiza, mimi nikiwa mzee wa kanisa na mwandishi wake, nikuulize jambo moja. Tumesikia kwamba mwezi uliopita wezi wa ng'ombe walivuka mpaka karibu na shamba la mzungu unakofanya kazi, kwamba mtu alipigwa rungu kichwani, na kwamba wewe ulimpasua ngozi ya kichwa na kumkwangua mfupa, kama walivyofanya baba yako na babu yako. Tumesikia pia kwamba mbuzi alichinjwa, na kwamba wazee walikunywa pombe kando ya mgonjwa.

Nakukumbusha. Mwaka 1936 ulisimama mtoni, maji yakiwa kifuani, ukatamka mbele ya watu wote kwamba umeacha kazi ya omobari, mpasuaji wa vichwa. Visu saba vya baba yako ulivitia wewe mwenyewe katika sanduku la kanisa, na ufunguo wake ninao mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekushika mkono mpaka ukaweza kuandika jina lako. Sikukufundisha ili mkono huo urudi kwenye damu.

Kanisa si kuta za udongo wala paa la nyasi. Kanisa ni mwili ulio hai. Una kichwa, una macho, una mikono, na kila kiungo hupata uhai kwa kuwa kimeunganishwa na vingine. Kiungo kikioza hakibembelezwi. Hukatwa, ili mwili upone.

Jibu kwa maneno machache. Ulifanya, au hukufanya?

Ni mimi,
Onsongo, mzee wa kanisa


Nyansiongo
19 Aprili 1948

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeipokea na kuisoma mara tatu. Nilifanya.

Uliomba maneno machache, na hilo ndilo jibu. Sasa niruhusu niongeze mengine, maana neno hilo likisimama peke yake ni neno la mshtakiwa, nami nataka kukuandikia kama mwanafunzi wako.

Walikuja alfajiri, kabla ya kukamua. Mlinzi mmoja wa zizi alikufa palepale kwa mshale wa shingo. Wa pili tulimkuta ameketi, ameegemea mlango wa zizi, akishika utumbo wake kwa mikono miwili na kuomba maji. Hatukumpa, kwa kuwa maji yangemuua upesi zaidi. Alikufa akituita wachoyo. Wa tatu ni mkamuaji mwenye mke na mtoto mmoja. Mfupa juu ya sikio lake ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Alikuwa anakoroma, na mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya jicho la pili. Baba yangu alinionyesha macho ya namna hiyo. Watu hao siku ya tatu huacha kukoroma, na siku ya nne huzikwa.

Visu unavyo wewe. Nilichukua kipande cha utepe wa chuma wa pipa, nikakinoa juu ya jiwe, nikakichemsha. Kazi ilifanyika nje, kwenye mwanga, asubuhi nzima, naye akashikwa na wanaume wanne. Nilikwangua mpaka mfupa uliobonyea ukainuka, na damu nyeusi iliyoganda ikatoka, kiasi cha yai la kuku. Siku ya tano aliomba uji. Leo anakamua.

Kuhusu mbuzi, alichinjwa ili mgonjwa apate mchuzi. Hakuna mzimu uliotajwa. Kuhusu pombe, wazee walikunywa. Mimi sikunywa, wala sikuweza kuwafukuza katika boma lao wenyewe. Kabla ya kukata niliomba kwa sauti, nao wakanicheka. Mmoja alisema, "Huyu anamwomba Mungu wa wazungu amshikie taa mchana."

Mwalimu, unasema kanisa ni mwili. Nakubali. Basi niambie mimi ni kiungo gani. Kuhubiri sijui, na Bosibori mke wangu husema kwamba nikiimba ndama hukata kamba. Ninachojua ni hiki kimoja. Kama mwili hauuhitaji mkono huu, niambie ninyooshe upi.

Mwanafunzi wako,
Machogu


Kiogoro
Jumatatu, 3 Mei 1948

Kwa Machogu.

Barua yako ilisomwa mbele ya baraza. Umekiri tendo, hukulitubia. Sabato iliyopita, baada ya somo, nilisimama na kusoma uamuzi huu mbele ya kanisa zima, nami naunakili hapa kama ulivyo:

"Machogu wa Nyansiongo ni mkono ulioukosea mwili. Mkono huo umekatwa leo. Mshiriki yeyote asile naye, asimsalimu, asimwite kumtibu mtu wake hata kwa jeraha la mwiba. Atakayemwita, au atakayefanya kazi ile kama yeye, amejikata mwenyewe."

Nilipomaliza, mdogo wako Nyasani aliinuka katika benchi la nyuma. Alisema, "Mnamkata mtu mkiwa mmeketi juu ya ardhi ya baba yake?" Nilimjibu kwamba ardhi hii ilitolewa kwa Mungu. Akasema, "Ilitolewa ili kaka yangu asome. Mungu hakuja kuiomba, ulikuja wewe, na kofia yako mkononi." Watu walicheka ndani ya nyumba ya ibada. Kisha alitoka, na wanaume wote wa ukoo wenu wakamfuata.

Nimekufahamisha ili ujue kosa moja huzaa mangapi.

Onsongo, mzee wa kanisa


Nyansiongo
14 Mei 1948

Mwalimu wangu,

Nimekatwa, nimesikia. Sikuandikii kujitetea.

Nyasani alikuja hapa akakaa siku mbili. Amekusanya wanaume wa ukoo wetu. Wanasema kwamba Sabato moja, baada ya palizi, watapanda kilimani kung'oa paa la kanisa na kuirudisha ardhi. Nilimkataza. Nilimwambia kwamba baba alitoa kwa mkono wake, na kilichotolewa na marehemu hakirudishwi na mtoto. Alitema mate chini, akasema, "Wewe wamekufukuza, na bado unawafagilia uwanja."

Nakuomba jambo moja, kwa magoti. Siku hiyo watoeni watu nje, muwaache waondoe nyasi. Nyasi huota tena. Usiwaweke vijana mlangoni wakiwa na marungu. Nimefungua vichwa kumi na tisa, nikihesabu na vile nilivyofungua na baba yangu. Kila mara aliyepiga alifika akilia na kusema kwamba alikusudia kutisha tu. Sijakutana na hata mmoja aliyekusudia kuua.

Bosibori anakusalimu, ingawa najua salamu zetu hazipokelewi.

Machogu


Kiogoro
Jumatatu, 24 Mei 1948

Kwa Machogu.

Hatutishwi. Vijana kumi na wawili wanalinda kanisa kwa zamu, wakiongozwa na mwanangu Omwenga. Nimewaagiza wasimruhusu mwanamume yeyote wa ukoo wenu kuvuka kijito, awe na silaha au mikono mitupu, aje kwa vita au kwa maneno matamu. Agizo hili litakoma nitakapolifuta kwa kinywa changu mwenyewe.

Tena nakuarifu. Mtu aliyekatwa haandikiani na mwili. Kuanzia leo, ukitaka kutubu, andika neno TOBA juu ya bahasha. Bahasha isiyo na neno hilo sitaifungua.

Onsongo, mzee wa kanisa


Kiogoro
Jumapili, 6 Juni 1948

Kwa Tata Nyangau, yaani wewe Machogu, baba wa Nyangau.

Ni mimi Nyanchera, mke wa Omwenga, mkwe wa Mwalimu Onsongo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo Mwalimu alivyotufundisha kuandika, na lugha ya nyumbani sijawahi kuishika kwa kalamu. Hakuna anayejua kwamba naandika, ila kaka yangu atakayekuletea usiku huu.

Jana walikuja. Walikuwa kama thelathini, na Nyasani mbele. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha. Nyasani alisema, "Tokeni, hatuna ugomvi na watu, tuna ugomvi na nguzo." Nitakuambia ukweli ambao hakuna mwingine atakayekuambia. Mume wangu ndiye aliyeanza. Mtu mmoja wa kwenu alipanda ukutani kushika nyasi, Omwenga akamkata mguu kwa panga, nao ukabaki ukining'inia kwa ngozi. Baada ya hapo sikuona watu tena, niliona mikono tu. Benchi zilivunjwa zikawa marungu. Mzee mmoja aliyekuwa anaomba alipondwa kinywa, akatema meno juu ya kitabu cha nyimbo. Wanawake tuliwalalia watoto. Nilipoinua kichwa nilimwona Nyasani ameinua rungu kwa mikono miwili, na Omwenga amempa kisogo.

Watu wawili wamekufa, mmoja wa kwenu na mmoja wa kwetu. Nyasani ameshikwa na askari wa chifu.

Omwenga amelala nyumbani kwangu. Anakoroma, haamki. Mkono wa kushoto umekuwa kama kitambaa. Mfupa juu ya sikio umezama, kidole changu kinaingia. Mvua imekata barabara ya mjini, kwenye hospitali, tangu Ijumaa, na machela haiwezi kupita.

Baba mkwe hajamwona. Unaijua desturi ya chinsoni: baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa. Mwalimu alikemea ngoma, akakemea tohara, akakemea visu vyenu, lakini mlango wa mwanawe hajauvuka hata leo. Ameketi nje juu ya kigoda, mvua inamnyeshea, anauliza kupitia ukuta, "Anaendeleaje?" Vijana wenzake na Omwenga humjibu, "Ni jeraha la ngozi tu, Mwalimu, na homa kidogo." Wanaogopa kwamba akijua ukubwa wa jeraha atauliza ni nani aliyeanza. Mimi mwanamke sina ruhusa ya kuwapinga. Naye anashukuru na kuomba.

Najua kilichosomwa: atakayekuita amejikata mwenyewe. Basi nimejikata. Njoo.

Nyanchera


Nyansiongo
Jumatatu, 7 Juni 1948

Mwalimu Onsongo,

Mwanao hana jeraha la ngozi. Mfupa umezama na unaukandamiza ubongo. Aliyepigwa Jumamosi akifika Jumatano hajafunguliwa, mchimbieni kaburi.

Jaffer anashuka leo na barua hii. Mimi karani wa shamba amenipa ruhusa kuanzia kesho, kwa hiyo nitatoka kabla ya jua, nipite Keroka kwa miguu, nifike kwako kesho alasiri. Fanya mambo matatu. Visu saba vilivyo katika sanduku lenu, vichemshe. Omwenga mtoe nje, alazwe uwanjani penye mwanga. Akiwa nje ya nyumba yake unaweza kumwona bila kuvunja desturi yoyote. Na walinzi wa kijito waambie kwamba napita.

Juu ya bahasha sikuandika neno ulilolitaka. Nililifikiria. Lakini siitubii kazi hii hii ninayokuja kuifanya kwako, na sitaandika uongo nje ili usome ukweli ulio ndani. Nakuomba uifungue hivyo hivyo.

Machogu


Kiogoro
Jumatatu, 21 Juni 1948

Kwa Mchungaji Nyangate, mwangalizi wa makanisa yetu, Keroka.

Mheshimiwa Mchungaji,

Naleta taarifa ya mambo yaliyotokea hapa tarehe 8 Juni, na ombi mwishoni. Taarifa za vita vya tarehe 5 unazo. Nilizoandika wiki ile hazikuwa kamili. Niliandika kwamba maadui walishambulia. Mwanangu ndiye aliyetoa damu ya kwanza. Sikulijua hilo wakati ule, na sikuuliza.

Jumatatu tarehe 7, jioni, Jaffer alinipa bahasha kutoka kwa Machogu. Alisema, "Mwalimu, aliyenikabidhi hii alinisihi nisisimame njiani. Isome." Niliigeuza. Haikuwa na neno nililoagiza. Niliitia katika sanduku la kanisa, nikafunga kwa ufunguo. Niliiweka, Mchungaji, juu ya visu vilevile alivyokuwa akiviomba ndani yake.

Kesho yake alasiri Machogu alifika kijitoni, peke yake, na mfuko wa majani ya dawa. Vijana wangu walimzuia. Aliwaambia kwamba nimearifiwa na kwamba ameitwa kumponya Omwenga. Wao walikuwa hawajapewa neno jipya, na agizo langu lilikuwa halijafutwa. Kijana mmoja alimshika mkono wa kulia, akauinua wenzake wauone. Alisema, "Mwalimu alisoma kanisani kwamba mkono huu umekatwa. Mbona bado unaning'inia?" Wakacheka. Waliulaza juu ya jiwe la kuvukia. Wawili walishika, wa tatu akashusha panga. Machogu alivuta, na hiyo ndiyo sababu panga halikupata kifundo cha mkono. Lilichukua kidole cha shahada, cha kati na cha pete.

Sitaandika jina la kijana yule. Chifu analo. Maneno yalikuwa yangu.

Machogu hakurudi nyuma. Alipanda mpaka bomani kwangu, mkono umefungwa kwa shati, damu ikimfuata njiani. Nilikuwa juu ya kigoda changu. Nilimwuliza, "Nani amekukata?"

Alinijibu, "Wewe unajua kusoma, Mwalimu. Nenda ukaisome barua yangu. Kisha mtoe mwanao nje."

Nilikwenda, nikafungua sanduku, nikasoma nikiwa nimesimama. Niliporudi na visu, Omwenga alikuwa amelazwa uwanjani juu ya mlango uliong'olewa. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Upande mmoja wa kichwa cha mwanangu haukuwepo mahali pake. Alikuwa ameacha kukoroma. Nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake muda huo wote, ukuta wa udongo katikati, nikimshukuru Mungu kwa jeraha la ngozi.

Machogu alijaribu kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Kilimponyoka mara mbili. Alituangalia sote, akasema, "Mwalimu, wewe una mkono wa mwandishi. Piga magoti."

Nilisema siwezi.

Alisema, "Sikukuuliza kama unaweza."

Nilipasua ngozi ya kichwa cha mwanangu, Mchungaji, kwa alama aliyoichora Machogu kwa makaa. Niliifunua. Nyanchera alishika kichwa, wanaume wanne walishika mwili. Nilikwangua mfupa kwa kisu cha tatu, kisha cha tano, ambacho ncha yake imepinda. Sauti yake ni ya kijiko chini ya chungu, na bado naisikia kila ninapokula. Machogu alikuwa nyuma yangu, kidevu chake begani kwangu, damu yake ikidondoka katika mkono wangu. Kila nilipoongeza nguvu alisema polepole, "Usikandamize, Mwalimu." Ndilo neno nililomwambia yeye alipokuwa anajifunza kushika kalamu, na nilikuwa nikimchapa kwa rula anaposahau. Yeye hakunichapa. Jua lilipofika juu ya migomba mfupa uliinuka, damu nyeusi ikaruka kifuani kwangu, na mwanangu akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Omwenga yu hai. Mkono wa kushoto haujarudi, naye humwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake. Uji anakunywa.

Sasa ombi. Uamuzi niliousoma Mei unasema kwamba atakayefanya kazi ile amejikata mwenyewe. Sabato ya juzi nilisimama na karatasi ileile, nikalisoma jina langu mahali palipokuwa na jina la Machogu, nikaketi benchi la nyuma, pale alipokuwa akiketi Nyasani. Naomba umteue mzee mwingine. Tena naomba jina la Machogu lirudishwe. Nilifundisha kwa miaka ishirini kwamba kanisa ni mwili ulio hai, nami nilidhani maana yake ni kwamba mwili una haki ya kukata. Sikuwahi kuandika popote kwamba mwili ukikatwa hutoka damu.

Onsongo


Nyansiongo
Alhamisi, 29 Julai 1948

Mwalimu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Usizisahihishe.

Mchungaji Nyangate amenijulisha kwamba jina langu limerudishwa, na lako limesimamishwa kwa miezi sita. Aliniuliza kama nina neno. Nilimwambia kwamba neno langu nitakuandikia wewe.

Sijakusamehe. Najaribu kila asubuhi, mpaka nifikie vifungo vya shati, na hapo Bosibori huja kunifunga kama mtoto, na yote huanza upya. Nisipokuambia hivyo nitakuwa nimeandika juu ya bahasha neno lisilo kweli.

Ijumaa. Nyanchera amenitumia habari. Jioni ile nilipokatwa alishuka kijitoni peke yake akaviokota vidole vyangu vitatu, akavizika katika kiwanja cha kanisa, chini ya ukuta uliobomolewa, kwenye ardhi ya baba yangu. Hakumwuliza mtu. Kwa hiyo, Mwalimu, hata mngeniacha nje kwa maisha yangu yote, sehemu yangu ingekuwa imeketi ndani kila Sabato. Mkijenga ukuta upya, msichimbe upande wa kijito.

Jumapili, 1 Agosti. Naimalizia haraka. Jana wezi walivuka mpaka tena. Wamechoma nyumba mbili na watu ndani, na kati ya waliotoka mmoja amepigwa kwa ubapa wa shoka juu ya jicho. Mfupa umezama. Anakoroma, na mboni ya jicho moja imepanuka. Ana miaka kama ya Omwenga. Si mshiriki wa kanisa lolote. Mwisho wake ni Jumatano.

Nina macho ya kazi hii na nina maneno yake. Mkono sina. Nimewajaribu watu wawili hapa juu ya fuvu la mbuzi, na wote wanakandamiza.

Shemeji yangu anakuletea barua hii kwa baiskeli. Lori la Jaffer linapanda kesho asubuhi. Watakuambia kwamba mtu aliyesimamishwa akifanya kazi hii hatarudishwa kamwe, nao watakuwa wanasoma karatasi yako mwenyewe. Ukitaka kunijibu, bahasha yako nitaifungua hata isipokuwa na neno lolote juu yake.

Lakini usijibu. Chukua visu, upande lori.

Machogu